Hatua themanini kutoka ukingo wa Ruaha

Mita 60 ni hatua themanini za mtu wa kimo changu. Nilizihesabu asubuhi moja ya Novemba hapa Ipogolo, nikianzia pale maji ya Ruaha Mdogo yanapolamba majani, nikipandisha kuelekea nyumba za watu. Hatua ya ishirini ilinikuta katikati ya figiri. Ya arobaini ilikuwa kwenye mahindi yaliyoanza kutoa mbelewele. Ya sitini nikaruka mfereji wa kina cha goti. Ya themanini nikasimama chini ya kamba ya kuanikia nguo, shuka la mtu likinipiga usoni, na mwenye nyumba akatoka mlangoni kwa adabu ya watu wa Iringa, ambao hawakuulizi unafanya nini uani kwao kabla hawajakusalimu.

“Kamwene. Unapima kiwanja, mwanangu?”

Nikamwamkia shikamoo. Swali lake halikuwa la mzaha, maana Ipogolo mtu anayetembea akihesabu hatua ni wa kuogopwa kidogo. Anaweza kuwa wa Bodi ya Maji, au wa manispaa, au wa barabara, na kila mmoja kati ya hao ana mita zake. Nilipomweleza kuwa mimi ni mwandishi tu na nilitaka kujua mita 60 za mto zinaishia wapi, mzee alicheka. Zinaishia chumbani kwangu, akasema, upande wa kichwani.

Anayesafiri kwa basi kwenda Mbeya anaijua Ipogolo hata kama hajui jina lake. Ni pale barabara kuu ya kwenda Zambia inapopita bondeni, chini ya mlima ambao juu yake umekaa mji wa Iringa. Malori yanapoza injini. Kuna gereji, nyumba za wageni, maduka ya vipuri, wauza nyanya, na bodaboda wanaokugombania ukipeleka macho tu upande wa mlimani. Nyuma ya yote hayo, mbali kidogo na vumbi, unapita mto. Kata yenyewe inaitwa Ruaha, kwa jina la mto huo. Barabara na mto ndivyo vinavyoilisha Ipogolo, na ndivyo pia vinavyoiletea sheria.

Nilikwenda kuuliza watu kuhusu “sheria mpya”. Nilipata orodha ndefu, na karibu kila iliyotajwa ilikuwa ya zamani. Ile ya kuacha mita 60 kutoka ukingo wa mto ndiyo iliyotajwa zaidi, tena kwa uchungu, kana kwamba imetungwa juzi. Imo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, nayo ilianza kutumika mwaka 2005. Kijana aliyenilalamikia kuhusu “sheria mpya” alizaliwa sheria hiyo ikiwa tayari ipo.

Mwanzoni nilidhani ni ujinga wetu wa kutosoma. Baadaye nikaona kwamba wao ndio wanaohesabu sawasawa. Sheria huzaliwa mara tatu: siku Bunge linapoipitisha Dodoma, siku inapochapishwa katika Gazeti la Serikali, na siku mgambo anaposimama shambani kwako. Kwa mwanasheria siku ya tatu haipo kabisa. Kwa mwenye figiri, siku nyingine zaidi ya hiyo hazipo. Baina ya kuzaliwa kwa pili na kwa tatu panaweza kupita miaka kumi na zaidi. Katika muda huo mtu amejenga, ameoa, amerithisha matuta, na kwenye uchaguzi ameombwa kura na viongozi waliosimama juu ya matuta hayohayo.

Inafaa nieleze matuta yenyewe, kwa sababu msomaji wa Dar es Salaam huenda anafikiria bustani ya kawaida ya mchicha. Katika nyanda hizi, kuanzia Mufindi hadi Kilolo, kilimo cha mabondeni wakati wa kiangazi kina jina lake: vinyungu. Mvua zikiisha na mashamba ya juu yakikauka, watu hushuka mabondeni ambako udongo bado una unyevu. Majani hukatwa na kufukiwa ndani ya tuta yaoze yawe mbolea. Baina ya tuta na tuta huachwa mfereji wa kutoa maji yaliyozidi au kuyabakiza, kulingana na hali ya bonde. Hapo hupandwa mahindi, maharage, viazi na mboga. Mahindi ya vinyungu huanza kuchomwa na kuchemshwa mwishoni mwa mwaka, wakati ghala limebaki vumbi na mvua mpya ndiyo kwanza inanusa ardhi. Kwa kaya nyingi hicho ndicho chakula cha kuvukia, na hela ya daftari na sare za Januari hutoka hapo. Wenye vinyungu niliokutana nao wengi ni akina mama. Cheti cha kuonyesha hawana, wana kumbukumbu tu ya nani alilima wapi na alirithi kwa nani.

Basi sheria inaposema mita 60 haikati pembe ya shamba. Bonde lenyewe lote ni mita 60, pengine halifiki.

Hata hivyo nisingependa msomaji aione sheria hii kama ukatili wa mtu aliyekaa ofisini. Mto una haki yake, na wenye kiu si wa Ipogolo peke yao. Ruaha Mdogo unatoka milima ya Mufindi. Ukifika hapa, maji yake yanavutwa na kusafishwa Ndiuka ili mji wa Iringa unywe. Kwa hiyo mboga anayokula mtu wa Gangilonga, kule juu mjini, na maji anayooshea mboga hiyo vyote vimetoka bonde moja. Ukiteremka zaidi unaungana na Ruaha Mkuu, ambao unaijaza Mtera, kisha Kidatu, mabwawa yaliyowasha taa za nchi hii kwa miongo mingi. Na Ruaha Mkuu ulikwisha kutupa onyo: tangu mwaka 1993, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, viboko wakibaki kwenye madimbwi ya tope. Mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alikuja Iringa kuzindua kikosi kazi cha kuunusuru. Wengi niliozungumza nao wanauhesabu mwaka huo, au miaka iliyoukaribia, kuwa ndio mwaka wa “sheria mpya”. Ndipo ilipozaliwa mara ya tatu. Kelele za vinyungu zikapanda hadi bungeni.

Nikiisoma sheria yenyewe, nakuta jambo ambalo matangazo ya kipaza sauti hayakulitaja. Kifungu hakisemi kwamba ndani ya mita 60 mtu asifanye chochote. Kinazuia shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au ambazo kwa asili yake zinaweza kudhuru hifadhi ya ukingo. (Maneno haya “shughuli za kibinadamu” hunichekesha kila ninapoyaona kwenye bango la mtoni, kana kwamba kiboko naye anakatazwa shughuli zake kwa bango jingine.) Je, tuta linalolimwa Julai na kulala Februari ni shughuli ya kudumu? Je, linadhuru? Wakili anaweza kuyabishania hayo hadi jioni. Mgambo hana jioni hiyo. Yeye ana futi kamba, na kazi ya futi kamba ni kupima umbali. Kupima madhara haiwezi.

Matokeo yake ni haya. Bibi mwenye matuta kumi, anayemwagilia kwa keni na anayefukia majani ili udongo usiondoke, amo ndani ya mita 60, kwa hiyo ni mhalifu. Mtu mwenye pampu ya petroli akiiweka mtoni na kuvuta maji hadi shamba lililo mita mia mbili juu, shamba hilo liko nje ya mstari. Ni kweli kwamba Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka huyo awe na kibali cha kutumia maji, na kibali hicho hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao yake hapahapa Iringa. Lakini pampu hubebwa begani ikarudishwa nyumbani kabla ya saa mbili asubuhi. Tuta halibebeki, linabaki pale likisubiri kushtakiwa. Halafu kuna milingoti, ile miti mirefu ya mbao na nguzo, iliyopandwa hadi kwenye chemchemi huko juu na ambayo kila mzee wa nyanda hizi atakwambia inakunywa maji kuliko ng’ombe. Kampeni za kuing’oa na kupanda mivengi, mti unaopenda maji bila kuyamaliza, zipo. Mlingoti, hata hivyo, huwa na mwenyewe, na huyo mwenyewe mara nyingi anaijua njia ya ofisini.

Mimi nadhani mto ungelindwa zaidi kama swali la kwanza mtoni lingekuwa unafanya nini, kisha ndipo likaja la umesimama wapi. Ni kazi ngumu. Inahitaji mtu anayejua udongo, arudi mara kwa mara, aongee na wakulima, aandike. Kuhesabu hatua themanini hata mimi nimeweza.

Kuna jambo la lugha pia. Kwa miaka mingi sheria za nchi hii, nchi inayojisifu kwa Kiswahili kuliko jirani zake wote, ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwenyekiti wa mtaa alizipokea kwa barua iliyofupishwa, akazifupisha tena mkutanoni, na zilipofika kisimani zilikuwa zimebaki neno moja: marufuku. Mwaka 2021 Bunge lilibadili jambo hilo kwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni hatua kubwa kuliko kelele iliyopigwa kuihusu. Sikumkuta mtu Ipogolo aliyeisikia, na sishangai, maana hakuna mgambo anayetumwa kutangaza haki. Lakini nilimsomea mama mmoja kifungu cha 57 kwa Kiswahili, akinisikiliza huku anafunga mafungu ya figiri kwa ukoka. Akanisimamisha kwenye neno “kudumu”. Akaniomba nilirudie. Kisha akaniuliza kama ningeweza kumwandikia kwenye karatasi.

Nilimwandikia. Karatasi akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kitenge, mahali pa kuwekea hela.

Si kila sheria hufika kwa vita. Mifuko ya plastiki iliondoka Ipogolo kwa wepesi ambao hadi leo unanishangaza. Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni, na Juni 1 mwaka huo rambo zikawa haramu. Kukutwa nayo tu kulikuwa na faini ya kuanzia Sh30,000 hadi Sh200,000, au kifungo kisichozidi siku saba. Kwa muuza nyanya ambaye mtaji wake wote haufiki elfu thelathini, hiyo ilikuwa hesabu rahisi. Lakini sidhani ni faini iliyoshinda. Kilichoshinda ni kwamba vikapu vilikuwepo, magazeti ya zamani yalikuwepo, na mifuko mbadala ilifika sokoni kabla watu hawajamaliza kulalamika. Hasara iliyobaki ni ndogo na inaudhi: zamani rambo ilikuwa nyongeza ya muuzaji, siku hizi mfuko unaununua, na mama akikuambia nyanya za elfu moja ujue kuna mia pembeni. Wajanja wakahamia kwenye vifungashio laini vya karanga, wakavigeuza vibebeo, na serikali ikaanza kuvikimbiza navyo. Pombe za viroba nazo ziliondoka hivyohivyo Machi 2017. Utingo wa malori waliokuwa wakizitia mfukoni kama pipi wakarudi kwenye chupa, au kwenye ulanzi, pombe ya mianzi, ambao kwa Iringa haujawahi kuhitaji kifungashio.

Tozo ya miamala ilikuwa kisa kingine. Julai 15, 2021 ilianza kukatwa kwa kila anayetuma na anayetoa fedha kwa simu, kuanzia Sh10 hadi Sh10,000 kulingana na kiasi. Sheria hiyo ilizaliwa mara tatu kwa siku moja, maana mashine haina haja ya mgambo. Ipogolo, ambako dereva aliye Tunduma humtumia mkewe hela ya chakula na mwenye bustani hulipwa na dalali aliye Dar es Salaam, watu waliiona jioni ileile. Wengine wakarudi kumkabidhi kondakta bahasha, kama miaka ya tisini. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, na bajeti ya mwaka 2023 ikaifuta kwa upande wa kutuma. Mwezi mmoja baada ya tozo kuanza ikaja kodi ya majengo kupitia LUKU: Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda kuwa Sh1,500 mwaka 2023. Kodi ni ya mwenye nyumba, lakini umeme hununuliwa na mpangaji. Ununue umeme wa elfu mbili upate wa elfu moja, halafu ukagonge mlango wa baba mwenye nyumba kumdai buku yake! Wapo waliogonga. Wengi waliona heri wanyamaze wasije wakapandishiwa chumba.

Sheria iliyoibadili Ipogolo kuliko zote siku hizi, kwa maoni yangu, ni ile iliyoondoa katazo. Tangu miaka ya 1990 mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha, kwa sababu ya ajali na majambazi. Usiku wa manane barabara hii ilikuwa ya malori. Juni 2023 Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, alisema bungeni kwamba sasa yatembee saa 24, na Oktoba mwaka huohuo LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, ikaanza kutoa ratiba za usiku. Kabla ya hapo Ipogolo ilikwisha kupata pigo la mchana. Kituo kikuu cha mabasi kilipofunguliwa Igumbilo, abiria wengi waliokuwa wakishukia hapa wakaenda nacho, na wenye migahawa wakabaki wakihesabu viti. Usiku ndio uliorudisha sehemu ya waliopotea.

Hofu haijaisha, na si ya bure. Watu wa barabara hii hawasahau Machi 2015 pale Changarawe, Mafinga, ajali ya basi na lori ilipoua watu zaidi ya 40. Lakini ajali hiyo ilitokea asubuhi kweupe, na hilo nalo hawalisahau. Dereva mmoja wa lori, akipiga tairi zake kwa rungu kusikiliza upepo, aliniambia kwamba giza halijawahi kumshika usukani, ni usingizi. Katazo la usiku lilikuwa futi kamba nyingine: saa ni rahisi kuipima, uchovu haupimiki kwa saa ya ukutani.

Kwa akina mama wauzaji, ruhusa hii imekuja na gharama ambazo hazikuandikwa katika ratiba yoyote. Soko limeongezwa saa, na mchana haukupunguzwa. Yule anayeuza chai na maandazi usiku ndiye huyohuyo anayemwandaa mtoto kwenda shule saa kumi na mbili. Wamejipanga kwa zamu, dada na wifi, mama na binti mkubwa, na wamekubaliana bila mkutano kwamba hakuna anayekaa barabarani peke yake baada ya saa sita.

Nilikaa nao usiku mmoja. Baridi ya bondeni Ipogolo hupanda kutoka mtoni kama mtu anayetembea, na majiko ya mkaa yalikuwa yamepangwa kando ya barabara kwa umbali wa kusikiana. Saa saba kasoro basi la kwenda Mbeya likasimama kwa dakika ambazo sikufika kuzihesabu. Wakainuka wote kwa pamoja, mabeseni kichwani, wakipaza sauti kuelekea madirishani: chai, mayai, mahindi, mahindi ya moto! Mikono ikatoka gizani. Abiria mmoja alitaka mahindi mawili na hakuwa na pesa taslimu. Mama, ambaye nilimtambua kwa kile kitenge, akamtajia namba ya simu kwa sauti ya wimbo, tarakimu mbilimbili, naye akatuma.

Akayafunga mahindi kwenye maganda yake mwenyewe. Simu ikaita kabla basi halijaondoka, mlio mfupi wa ujumbe, akaisogeza karibu na makaa ili aisome. Nilimuuliza mahindi ni ya wapi, maana mashamba ya juu bado hayajaota. Alinyoosha mkono nyuma yangu, kule chini, gizani, ambako mto ulikuwa unasikika.

“Ya kudumu hayo, kaka,” akasema, akacheka peke yake, akageuza yaliyobaki jikoni.